Mimi Si Mkalimani

Nilipofika Kyela nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, sketi ndefu ya bluu, na beji nyeusi kifuani iliyoandikwa jina la ukoo wetu. Nilitoka Kitale, Kenya, na kanisa langu lilikuwa limenituma Tanzania kuhubiri kwa mwaka mmoja na nusu. Sisi Wamormoni hutumwa wawili wawili, na mwenzako humchagui, unapangiwa. Mimi nilipangiwa msichana wa Kimarekani, mrefu, mwenye nywele za rangi ya mahindi makavu na pua ambayo haikuacha kubabuka kwa jua muda wote tuliokaa pamoja.

Tuliposhuka stendi, dereva wa bajaji alimsalimia yeye, akamuuliza yeye tunakwenda wapi, kisha akanigeukia mimi akisubiri nitafsiri. Nilidhani ni huyo mmoja tu. Sokoni ikawa vilevile, kwenye vibaraza vya nyumba vilevile. Wiki haikuisha kabla sijaelewa kwamba mji mzima ulishaamua: mzungu ndiye mmisionari, mimi ni mkalimani wake. Mama mmoja aliniuliza kama ninamfulia pia.

Liliniuma jambo hilo kuliko joto la Kyela, na joto la Kyela si mchezo. Nyumbani kwetu nilikuwa nimebatizwa peke yangu. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, alikataa kunisindikiza siku ya safari. Alisimama mlangoni na chaki bado mfukoni mwa shati, akasema, "Unakwenda kuwabebea wazungu Biblia zao." Nikamjibu kwamba nitabeba yangu. Kwa hiyo kila mtu wa Kyela aliponiambia "mwambie mwenzako," nilikuwa namsikia baba.

Nikaanza kukataa. "Mwambie mwenyewe," nikawa nasema. "Kiswahili anasikia."

Kwa kweli alikuwa anasikia kidogo. Siku moja dukani kwa mzee wa Kiislamu tuliyekuwa tukinunua kwake sabuni na mafuta, mtu mwenye asili ya pwani na Kiswahili kilichonyooka, mwenzangu alimpa mkono akasema kwa adabu zote, "Nimefurahi kukuoa, mzee."

Mzee alimtazama, akanitazama mimi, akashusha miwani. "Sawa," akasema, "lakini mke wangu utamweleza wewe."

Nami hakuniacha. Niliposema "nipe mkate" aliuliza kama kwetu Kenya neno "naomba" limeisha madukani. Nikajifunza kuomba. Hilo sikuona aibu kujifunza.

Siku zetu zilifanana. Tuliamka mapema, tukasoma maandiko mezani huku feni ikisukuma hewa ya moto kutoka ukuta huu kwenda ule. Kisha tulipanda baiskeli, sketi tumezibana kwa vibanio vya nguo zisiingie kwenye mnyororo. Kyela ni tambarare na kila mtu ana baiskeli, kwa hiyo hapo angalau hatukuwa kioja. Tulipita kando ya mashamba ya ule mpunga wa Kyela unaosifiwa nchi nzima na mikeka ya kakao iliyoanikwa, harufu yake chachu kama togwa. Tulisaidia watu kuvuna, kuchota maji, kumenya ndizi. Tulibisha hodi, tukakaribishwa, tukafukuzwa, tukakaribishwa tena. Jioni mguu uliuma, na mbu walikuwa wakitungoja.

Siku moja tukabisha hodi kwa mzee mmoja mtaa wa Bondeni. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyestaafu, mtu wa Kagera aliyefanya kazi forodhani mpakani Kasumulu, akaoa huku, akabaki. Sebule yake ilikuwa na makochi yenye vitambaa vyeupe na televisheni iliyozimwa sauti.

"Mwambie mwenzako akae hapa penye feni," aliniambia.

"Ahsante, baba. Amekusikia. Na mimi pia nimekaribia."

Alicheka kidogo, kama mtu aliyekanyagwa mguu na mtoto. Mkewe, mama mnene mpole, aliingia na chupa ya chai. Ikabidi niseme lile ambalo kila nyumba lilinitia jasho: kwamba hatunywi majani ya chai.

"Dini gani inayokataa chai?" mzee akauliza.

Mkewe hakuuliza kitu. Aliirudisha chupa jikoni, na baada ya muda akaja na maji yaliyochemshwa na mchaichai. Mwenzangu akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," na mama akatabasamu, akarudi nyuma ya pazia la mlango.

"Wanakulipa, binti?" mzee aliendelea.

"Hakuna anayenilipa. Hata yeye halipwi."

"Basi wanakutumia bure." Akaegemea kochi. "Mimi nimestaafu. Nina simu na nina muda, nimewasoma nyinyi. Kuna wakati kanisa lenu lilikataa kumpa mtu mweusi ukuhani. Mtu mweusi hakuruhusiwa kupata baraka za hekaluni. Kweli au uongo?"

Mwenzangu aliiva uso mzima. Akaanza kusema yale tuliyofundishwa, polepole, neno kwa neno: "Baba yetu wa Mbinguni anawapenda watoto wake wote…"

Nilimshika goti. "Dada, hili niachie mimi."

Nilikuwa nimelisoma jambo hilo nikiwa bado Kitale, peke yangu, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Nililia, nikakasirika, nikaacha kwenda kanisani kwa majuma kadhaa, kisha nikarudi. Hakuna aliyenirudisha. Nilirudi kwa miguu yangu.

"Ni kweli, baba," nikasema.

Nadhani alikuwa amejiandaa kwa ubishi.

"Ilikuwa hivyo kwa miaka mingi," nikaendelea. "Baba yangu mzazi alikuwa ameshazaliwa bado wanakataa."

"Na unajua, na bado umo?"

"Najua na bado nimo. Waliofanya vile walikosea. Lakini mimi imani yangu sikupewa na wao, kwa hiyo hawawezi kuninyang'anya. Na wewe pia, baba, kwa heshima zote, huwezi."

"Huo ni ukaidi, binti."

"Ndiyo, baba. Ni ukaidi."

Hatukukaa sana baada ya hapo. Tuliomba, tukaaga, tukapanda baiskeli. Mwenzangu aliniacha nyuma akikanyaga kwa hasira mpaka tulipofika kwenye mashamba, ndipo akasimama.

"Hatusemi walikosea," akaniambia. "Hatujafundishwa kusema hivyo."

"Wewe hujafundishwa. Mimi nimeulizwa."

"Sisi ni wawili. Ulichosema wewe nimesema na mimi."

"Basi umesema ukweli leo. Umepungukiwa nini?"

Akaanza kulia pale pale barabarani, na watu wakapita wakitutazama, wakiwa na hakika kwamba mkalimani amemtukana bosi wake. Baadaye alitulia, akajifuta kwa kiganja. "Kwetu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali lile," akasema.

"Kwetu hawajawahi kuacha."

Tulirudi tukitembea, tunasukuma baiskeli. Hatukupatana siku ile. Kesho yake akaniambia amempigia simu kiongozi wetu wa misheni aliyekuwa Dar es Salaam. Hakunificha, na kwa hilo nilimheshimu.

Kiongozi alinipigia mchana. Alikuwa mtu mpole. Alisema si vibaya kukiri historia, ila labda ingefaa niseme tu kwamba sababu zote hatuzijui.

"Mzee yule hakuniuliza sababu," nikamjibu. "Aliniuliza kama ni kweli, na mimi ninaonaje."

Nikaongeza, "Unaweza kunihamisha. Lakini kokote utakakonipeleka wataniuliza, kwa sababu ya ngozi hii, na nitajibu vilevile."

Akasema ataniombea, akaniuliza kama tuna vyandarua vya kutosha. Sikuhamishwa.

Jumapili iliyofuata tulikuwa kwenye ukumbi wetu, chumba cha kupanga nyuma ya maduka, chenye viti vya plastiki na waumini wachache wanaojuana kwa sauti za kukohoa. Tukiwa katikati ya wimbo, yule mama wa Bondeni akaingia. Amejifunga kitenge, amejitanda mtandio. Akakaa kiti cha nyuma kabisa.

Ibada haikufika mwisho kabla mumewe hajatokea mlangoni. Hakuingia. Aliangaza macho, akaniona nimekaa karibu na mlango, akainama. "Mwambie mke wangu atoke."

Hata leo sijui kama alitumia neno lile kwa makusudi.

"Baba," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "mimi si mkalimani. Mkeo yule pale. Anasikia."

Viti vyote viligeuka. Mama akasimama taratibu, akakitengeneza kitenge chake kiunoni.

"Nitatoka ibada ikiisha," akamwambia mumewe. "Chakula kiko kwenye hotpoti."

Akakaa. Mzee alibaki pale nje kwenye jua mpaka mwenzangu alipobeba kiti akampelekea. Akakikalia. Tulimaliza ibada tukimwona kisogo kupitia mlangoni.

Mama alikuja tena Jumapili ya pili na ya tatu. Tulipokaa naye kumfundisha nilimuuliza kwa nini alikuja. "Siku ile nilikuwa nyuma ya pazia," akasema. "Nimeishi na yule mzee muda mrefu. Sijawahi kuona mtu anaitwa mkaidi na yeye, anakubali, halafu anaendelea kunywa mchaichai wake." Akacheka mpaka mabega yakatikisika.

Yeye alizaliwa Ikombe, kijiji cha Wakisi kando ya ziwa, ng'ambo ya Matema, ambako ni rahisi zaidi kufika kwa mtumbwi. Siku moja ya mapumziko yetu, baada ya sisi kuomba ruhusa kwa kiongozi, alitupeleka kumwona mama yake. Mwenzangu alishika kingo za mtumbwi safari nzima na macho ameyafumba, wakati ziwa lilikuwa limetulia, na milima ya Livingstone imesimama juu yetu imejaa kijani hadi kwenye maji.

Ikombe wanawake walikuwa wamekaa chini wakifinyanga vyungu, wanavizungusha kwa mkono, wanavilainisha kwa vipande vya kibuyu. Wakaongea nasi Kikisi. Mimi na Mmarekani tulikodoa macho sawasawa. Kila mmoja alimgeukia mama wa Bondeni akitikisa kidevu kutuelekea: waambie. Mwenzangu alinitazama, nikamtazama, tukaangua kicheko ambacho hakuna aliyekielewa pale, na ugomvi wetu uliishia hapo bila mtu kuomba msamaha.

Bibi mmoja mkavu, mama yake mama, aliuliza kitu na wote wakacheka.

"Anasemaje?"

"Anauliza ni yupi aliyembishia mume wangu."

Akaninyooshea kidole. Bibi alinikagua toka kichwani hadi viatuni, akatamka neno moja.

"Anasema ni mwembamba," mama akatafsiri.

Walinipa donge la udongo nijaribu. Chungu changu kilianguka ubavu, wakakifinyanga upya bila kunionea huruma.

Mchana, tumekaa ufukweni tunakula dagaa wa usipa wa kukaanga na ndizi, nilimuuliza mama kama yuko tayari kubatizwa. Niliona ndio wakati wenyewe. Maji yale pale, moyo umechangamka.

"Hapana," akasema.

Nikangoja.

"Nilibatizwa utotoni, na kanisa langu lina kwaya ambayo ninaipenda. Jumapili ijayo narudi kwaya. Kwenu nilikuja kwa sababu nilitaka kwenda mahali bila kumuuliza mtu. Sasa nimekwenda." Akanisogezea sahani. "Kula, umeambiwa ni mwembamba."

Nilikuwa na aya tatu tayari kinywani. Nilikuwa nimekwisha kuona jina lake kwenye taarifa yetu ya mwezi, kiongozi akifurahi, na mimi nikithibitisha kwamba jibu langu la Bondeni lilizaa kitu. Iliniuma, sitaki kudanganya. Lakini ningembishia kwa haki gani? Nilikula.

Baada ya miezi michache nilihamishiwa mji mwingine, kisha muda wangu ukaisha nikarudi Kitale. Baba alikuja kunipokea stendi, akachukua begi langu. Neno lile la Biblia za wazungu hajalirudia, wala mimi sijamkumbusha. Ninafanya kazi kwenye duka la dawa. Jumapili niko kanisani, kiti cha mbele. Wapo wanaonishangaa kwa hilo, weusi na weupe, wa ndani na wa nje. Wanasema nimetawaliwa akili. Nawaambia akili hii naijua kona zote, na hakuna ninayemwomba kibali cha kuingia au kutoka. Wengine hunisihi nitulie, nisilitaje jambo lile mbele ya wageni. Hao nao nawaambia nitalitaja nikiulizwa, na nisipoulizwa pia nikiona inafaa.

Mama wa Bondeni hunipigia simu baada ya kwaya, kelele za wenzake zimejaa nyuma yake. Juma lililopita aliniambia wamemchagua yeye kuwa mwenyekiti wa kwaya, mazoezi ni jioni, na mzee anajipikia mwenyewe. Wali wake bado unaungua.

"Mchele wa Kyela, mama? Anaunguza mchele wa Kyela?"

"Anaunguza, na anakula," akasema, akakata simu maana wimbo ulikuwa unaanza.