Chuchumaa

Mama mkwe wangu alistaafu uaskari wa jela, lakini jela yenyewe haikumtoka. Pale Jinja mtaa mzima ulimwita Afande, kuanzia muuza mkaa mpaka mchungaji wa kanisa lake, naye aliitika. Mimi nilimwita Mama kwa sababu nimelelewa kwa adabu, na kila nilipomwita hivyo alinitazama kana kwamba nimekuja kuomba chumvi.

Hakunipenda, na wala hakulificha hilo. Mwanawe, mwanajeshi, alikuwa ameoa binti wa Kiislamu wa mjini, na hilo lilimkaa kooni. Hata Kiswahili changu kilimkera. Kwetu tunasema "tafadhali" na "njoo, mwanangu." Yeye alisema hicho ni Kiswahili cha kubembelezea paka. Chake kilikuwa simama, geuka, toa mkono mfukoni.

Nilipopata kazi Mbale kwenye duka la jumla, wanangu mapacha, wavulana wawili, walikuwa na miaka miwili na nusu na bado walivaa nepi. Mama mmoja wa Namakwekwe, mtaa wa hukohuko Mbale, anayelea watoto wa watu mchana alikubali kuwachukua, ila kwa sharti: asiyejua poti hapokelewi. Mama mkwe akampigia mwanawe simu huko ng'ambo alikopelekwa na jeshi, wakaamua bila mimi. Watoto wakirudishwa na yule mama wa Namakwekwe, watakaa Jinja kwa bibi yao mpaka waanze shule. "Mama anawaweza," mume wangu akaniambia. Mjinga yule!

Ilinibidi nitangulie Mbale kutafuta chumba. Nikamwachia bibi yao watoto na poti mbili, ya bluu na nyekundu.

"Watoto mbili tu?" akasema. "Mimi nililinda wauaji. Hawa ndio watanishinda?"

Niliporudi kuwachukua, suruali zao zilikuwa kavu na nepi zilishatupwa. "Wamehitimu," akasema, akatabasamu. Yule mwanamke hatabasamu bure, nilipaswa kujua. Lakini furaha ilinipofusha, nikambusu mkono.

Siku ya kwanza Namakwekwe, yule mama mlezi alinipokea jioni mikono kiunoni. "Nyabo, bibie, hawa wamekaa kwenye poti asubuhi nzima kama wanangoja basi. Nimewainua tu, wakanimwagia kwenye mkeka!" Siku ya pili ikawa vilevile, ila safari hii haukuwa mkojo. Akanipa mpaka Ijumaa.

Nyumbani nikawaketisha. Nikawaimbia, nikawanywesha maji, nikafungua bomba la uani wasikie yanavyotiririka. "Kojoa, mwanangu, mama anakuomba." Walinikodolea macho, midomo wameibana. Mdogo alikuwa anatetemeka kwa kujizuia, tumbo limekuwa gumu, na bado hakutoa hata tone. Hapo nilitamani kumzaba kofi na kumkumbatia kwa pamoja. Nilimtukana bibi yake badala yake, kimoyomoyo, matusi mengine sikujua kama nayajua.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nawapeleka, nimewashika mmoja huku na mwingine huku, njia ikiwa ya wazi na watu tele. Kando ya barabara wafungwa waliovaa manjano walikuwa wanachimba mtaro. Askari wao akataka kuwahesabu.

"Chuchumaa!"

Wafungwa wakachuchumaa. Mikono yangu ikabaki mitupu. Wanangu walikuwa wamejichomoa na kuchuchumaa kwenye changarawe, mikono kichwani, macho chini, mkojo ukitiririka kwenye soksi zao mpya. Loo! Wafungwa walicheka mpaka wengine wakakaa kitako.

"Mama," askari akaniuliza, "hawa wametoroka gereza gani?"

Nilimpigia mama mkwe simu palepale. "Umewafanya nini wanangu?"

"Nimewafundisha. Wewe hukuuliza neno yao ni gani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hata nikikuambia, utaiweza? Mdomo yako ni ya msikitini. Jumamosi nakuja kuwachukua." Akakata.

Ijumaa nikaomba ruhusa kazini, nikaenda nao kwa mama mlezi. Nikapanga poti mbili uani mbele yake, nikavuta pumzi mpaka kwenye kitovu, nikafoka, "Chuchumaa!" Kuku waliruka ukuta. Watoto wa wenzangu wakaanza kulia. Wangu walishusha suruali, wakachuchumaa kwenye poti, mikono kichwani, na wallahi sijawahi kusikia sauti tamu kama ule mkojo kwenye plastiki. Walipomaliza wakasimama wima.

"Tayari, afande!"

Mama mlezi alicheka mpaka leso ikamdondoka. "Hilo hata mimi naliweza," akasema. Akawapokea.

Jumamosi mama mkwe akaja na begi tupu la kubebea nguo zao. Sikumpa hata kiti. Nikafoka, watoto wakachuchumaa, poti zikajibu. Alisimama mlangoni akiangalia makalio yale mawili, halafu akaniangalia mimi.

"Umeiva," akasema. "Sasa umekuwa askari."

Akala wali wangu bila kuusifu, akarudi Jinja na begi lake tupu. Nilipiga kigelegele peke yangu pale uani, majirani wakachungulia kuuliza nani anaolewa. Nikawaambia nimeshinda kesi. Watoto walikuwa wangu, na hakuna wa kuwagusa.

Jioni ileile, nikiwa nageuza chapati, mdogo alijikwaa kizingitini akaanguka, mdomo ukapasuka. Akapiga yowe, "Mama! Mama!" Nikaacha chapati iungue, nikamkimbilia mikono wazi.

Aliponiona nakuja, akanyamaza. Akajiinua, akachuchumaa, akaweka mikono kichwani, damu ikimchuruzika kidevuni. Ndugu yake akaja akachuchumaa kando yake.

"Mwanangu, ni mimi," nikamwambia. "Ni mama."

"Tayari, afande," akasema.