Siku Tulipoambiwa Watu Wamezidi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ndugu zetu waliokuwa wakimbizi ng'ambo ya ziwa waliporudi kwetu hapa Baraka. Walishuka kwenye boti na masufuria, magodoro na watoto mgongoni, mpaka ufuo ukajaa. Mimi nilikuwa kijana, nimeolewa juzijuzi. Asubuhi tuliimba, ilipofika jioni watu walikuwa wameanza kunung'unika.

Mzee Wilondja, chifu wa kijiji chetu, akaitisha mkutano. Wa kwanza kusimama alikuwa mume wangu, Asende.

"Mzee, batu banazidi," akasema. "Muhogo ni ile ile, samaki ni ile ile. Tukigawanya na hawa bote, batoto betu batakula nini? Baende mbele, ku Lulimba."

Wakampigia makofi. Miongoni mwa wale waliotakiwa kufukuzwa alikuwamo mdogo wangu Nyota, na kichanga kifuani. Bibi arusi hampingi mume wake hadharani, najua. Nilisimama hivyo hivyo.

"Mzee, kila mwaka munasemaka ile potopoto, tope ya kule bondeni, haiwezi kulimwa, sababu hatuna mikono ya kuchimba mufereji. Leo mikono imefika. Munaifukuza juu ya nini?"

Asende hakunitazama. Mzee Wilondja akasugua kidevu, kisha akasema, "Basi bachimbe, na sisi pamoja nabo. Mavuno ikikosa, nitabasindikiza mimi mwenyewe."

Tulichimba kiangazi chote. Wageni walikuwa wamelima mpunga huko ng'ambo, wakatuonyesha mahali pa kupitisha maji. Siku mfereji ulipofunguka, lile tope lililotushinda tangu enzi za babu zetu likaanza kutembea kuelekea ziwani! Akina mama walipiga vigelegele hadi sauti zikakauka. Asende, matope kiunoni, alimbeba mtoto wa Nyota mikononi akicheza naye.

Mpunga ukakubali. Na kwa kuwa walaji walikuwa wengi, wafanyabiashara wa Kazimia wakaanza kutuletea samaki na chumvi. Mtu akafunga mashine ya kukoboa. Mwalimu akakubali kushuka kutoka Fizi, maana sasa watoto walitosha kujaza darasa. Tulipokuwa wachache, nani angetujia?

Siku hizi watu wanakimbia vita milimani, na maneno yale yale nayasikia tena sokoni. Mwanangu, sikudanganyi: kila anayezaliwa anakula, anahitaji dawa na shule, na ardhi ina mwisho wake. Lakini mtu huyo huyo analima, anajenga, ananunua, anawaza jambo ambalo wewe hukuliwaza. Ukisikia watu wamezidi, kabla hujapiga makofi uliza wamekosa nini ili wafanye kazi: shamba, barabara, masomo, au amani? Wapatie hicho kwanza, halafu ndipo uwahesabu.

Mungu akulinde, mwanangu. Ajaze nyumba yako, ajaze na sahani zake, na asikuache kamwe bila jirani.