Padri Sufuria, Aliyechemsha Maji ya Baraka

Mtumishi huyu wa Mungu, ambaye waumini walimpachika jina la Padri Sufuria kwa kejeli, alizaliwa bondeni karibu na mto, kitinda mimba wa mama mfua nguo. Mama huyo, apumzike kwa amani, alikuwa hodari wa kazi na mbishi kupindukia. Mwanawe alipotamka kwamba Mungu anamwita, alimjibu, "Akusubiri, vyombo havijaoshwa." Kijana akaosha vyombo, akaenda seminari. Alipopewa upadrisho alirudishwa parokia ya nyumbani, akaishi chini ya mamlaka mbili: ya askofu na ya mama.

Mwaka wa mafuriko vyoo vilimwagikia mtoni, kipindupindu kikaingia. Bwana afya alieleza kanisani kwamba maji ya mto, hata yakiwa maangavu, yamejaa vijidudu, na dawa yake ni kuyachemsha. Waumini walimsikiliza kwa adabu, kisha wakajaza pipa la maji ya baraka mtoni kulekule, maana desturi ilikuwa kila mtu anywe kikombe baada ya Misa. Yakishabarikiwa, walisema, mdudu gani atathubutu? Padri akaagiza masufuria, akawasha kuni nyuma ya sakristia. Lo, kelele zilizozuka! "Padri hana imani!" walipiga makelele, na aliyewashinda wote kwa sauti alikuwa mama yake mzazi.

Jumapili iliyofuata mama alisimama mbele ya altare na kikombe alichokichota mwenyewe. "Bibi yako alikunywa haya mpaka akaota mvi kwenye kope. Bariki, ninywe."

Padri alimpenda mama yake mno, na jirani yao alikuwa amezikwa juzi tu. Akakichukua kikombe, akakipeleka mdomoni mwake. "Sawa, Mama. Naanza mimi."

Kofi la mama lilikirusha kikombe hadi kwenye kwaya. "We mjinga! Unataka kufa?"

Mama alisikia alichokisema, akaketi kwenye benchi akalia. Kisha akajifuta uso kwa kanga, akasema, "Haya, leteni hiyo sufuria."

Mtumishi wa Mungu alifariki usingizini, kwa uzee tu. Wachunguzi wa jimbo walipokuja kutafuta muujiza, walidai waonyeshwe mgonjwa wa kipindupindu aliyepona kwa maombezi yake. Tulimtafuta parokia nzima, jamani, hatukumpata: tangu Jumapili ile hakuna aliyeugua. Wakaondoka wamenuna. Tumwige, ndugu waamini, hasa ninyi mlio na mama wabishi.