Kababu za Mayai Siku ya Posa ya Rukia

Jamani, hili nalisimulia kwa sababu wifi yangu Rukia ameshalisimulia kwenye kila shughuli hapa Mbeya, na yeye akisimulia anatia chumvi mpaka chakula hakiliki, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mwenyewe na aibu yangu yote. Mimi mtu mzima, mzaliwa wa Tanga, niliyekulia jikoni kwa mama yangu, sikujua kuchemsha yai. Sisemi biriani, sisemi mkate wa kumimina, nasema yai.

Nilikuwa bado mgeni Mbeya, nimeolewa na Swalehe, ambaye familia yao ina duka la vitenge Mwanjelwa. Mababu zao walitoka Pwani lakini wao wenyewe ni watu wa hapa hapa, sokoni wanaongea Kinyakyusa kama wamezaliwa Tukuyu. Mama mkwe wangu ni mtu wa maneno machache. Hajawahi kunisema vibaya, lakini pia hajawahi kunisifu, na mimi (mnanijua) nisiposifiwa silali. Sasa niliposikia kuna watu wanakuja kutoka Iringa kumposa Rukia, na msafara unaongozwa na ami yake bwana harusi mwenyewe, mzee anayeheshimika kule kwao, nikaona siku yangu imefika, nikafungua mdomo.

“Mama, vitafunwa niachieni mimi. Nitawapikia kababu za mayai za Tanga, hawatazisahau.”

(Na kweli, mpaka leo hawajazisahau.)

Kama hamzijui, unachemsha yai, unalimenya, unalivika kima, ile nyama ya kusaga iliyokolea viungo, unaligaragaza kwenye chenga za mkate, halafu unalikaanga mpaka liwe la kahawia zuri. Mtu akiling'ata anakutana na nyama, kisha ute mweupe, kisha kiini. Kila mgeni moja.

Kwetu Tanga hatukuwa tunatazama saa. Mama alikuwa akitia mayai kwenye maji yanayochemka, anafungulia kaswida redioni, kaswida ikiisha mayai yameiva, na hayajawahi kumwangusha. Basi na mimi asubuhi ile nikaweka kaswida ile ile kwenye simu. Ilikuwa mwezi wa saba, na Mbeya ya mwezi wa saba maji ya bomba yanauma mpaka kwenye mifupa, na mayai yenyewe yalikuwa yamelala jikoni usiku kucha, baridi kama mawe ya mtoni. Nikayatia kwenye maji yanayotokota, kaswida ikaimba, kaswida ikaisha, nikaepua.

Rukia alikuwa amesimama mlangoni na hina yake mikononi, hatakiwi kushika kitu.

“Wifi, pasua moja tuone kama limeiva.”

“Nipasue? Mayai yenyewe yanatosha wageni tu.”

“Huku kwetu yanachelewa kuiva, wifi.”

“Yai ni yai tu, Rukia, liwe la Tanga au la Mbeya.”

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, kwa yai moja tu nililoona uchungu kulipasua. Na dalili zilikuwepo! Kwenye kumenya, mayai yalikuwa laini laini, yanatikisika mkononi kama shavu la mtoto mchanga, mawili yakanipasukia nikayatupa upesi kabla Rukia hajaona vizuri, nikajiambia mayai ya shamba ndivyo yalivyo. Nikayavika kima taratibu, nikakaanga haraka kwa mafuta ya moto sana ili yapate rangi. Na rangi yakapata, wallahi! Nilipoyapanga kwenye sinia nikapiga picha nikamtumia mama yangu.

Wageni wakafika saa za alasiri, wamejikunyata kwa baridi ijapokuwa na wao wanatoka Iringa. “Kamwene, kamwene,” wakasalimia Kihehe chao, wakaingia, wanaume wakakaa sebuleni, wanawake wakapelekwa chumba cha ndani kwa mama mkwe. Ami alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, koti jeusi juu, ndevu zimechanwa. Mazungumzo yakaenda vizuri, nilikuwa nasikia kupitia pazia, vicheko, dua, kila kitu. Swalehe akaniita nilete vitafunwa.

Nikaingia na sinia langu. Nikamtengea ami kwanza, kama mkubwa, kisha mzee aliyekaa karibu naye, halafu (na hapa ndipo ujinga unapoongezeka) badala ya kuondoka nikasimama pale pembeni nisikie atasemaje.

Akasema bismillahi, akang'ata.

Nyie, sijawahi kuona kitu kama kile. Kiini kilitoka kama kimepigwa pampu. Kikapita kwenye ndevu, kikashuka kwenye kanzu, mstari mzima wa njano kutoka shingoni hadi tumboni, na kipande kikadondokea mapajani. Ami akabaki ameganda, mdomo wazi, kababu mkononi inaendelea kuvuja. Mzee wa pili, ambaye alikuwa naye ameshang'ata, akashusha mkono wake polepole na kiini kinamtiririka hadi ndani ya mkono wa koti. Mimi kichwani kuna neno moja tu, haiwezekani, haiwezekani.

Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi nilikuwa na kitambaa cha jikoni begani, nikapiga magoti mbele ya yule mzee nikaanza kumfuta. Namfuta ndevu. Namfuta kifua. Mwanaume wa watu, mkwe mtarajiwa, nimemshika koti kwa mkono mmoja nasugua kifua chake kwa mkono mwingine, huku nasema “samahani ami, samahani ami,” na kadiri ninavyosugua ile njano inazidi kutanuka, kwa sababu kitambaa kile ndicho nilichofutia mikono baada ya kukanda kima yenye bizari.

“Mwanaidi!” Swalehe akapiga kelele. “Acha! Mwache mzee!”

Nikaacha. Nikabaki pale pale chini, kitambaa mkononi. Kifua chote cha ami kilikuwa cha manjano.

Ndipo yule mzee wa pili akaiweka kababu yake kwenye sahani, akajifuta, akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha:

“Labda hii ndiyo lugha ya wenyeji wetu. Tumeletewa kitu ambacho nje kimeiva, ndani kibichi. Kama posa yetu haijapokelewa, tungeambiwa tu. Sisi ni watu wazima, tungeelewa.”

Swalehe akaanza kujitetea, “Hapana, mzee wangu, si hivyo, hapana,” lakini wageni walikuwa wameshaanza kutazamana, mmoja ameshika kofia yake kama mtu anayetaka kunyanyuka. Nikasikia kule ndani mtu anaanza kulia, nikajua ni Rukia. Nilitamani sakafu inimeze. Nimeharibu posa ya mtoto wa watu kwa yai!

Pazia likafunguka, akaingia mama mkwe wangu. Kwa kawaida asingeingia pale kwa wanaume. Akasalimia, akainama kwenye sinia, akachukua kababu moja nzima, na mbele ya wazee wote akaing'ata. Kiini kikamshuka kidevuni, kikaingia kwenye khanga. Akatafuna. Akang'ata tena. Akaila yote mpaka ikaisha, akalamba na vidole, halafu akasema:

“Wageni wangu, hapa hakuna lugha yoyote. Huyu ni mke wa mwanangu, ametoka Tanga, hajui kuchemsha yai. Basi. Mtoto wetu mnaye.”

Halafu ami akatazama kifua chake, akanitazama mimi niliyekaa chini, mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka yule mzee mpaka machozi. Wote wakacheka, hata Swalehe, na mimi nikacheka huku nalia, maana nilikuwa nimeokolewa na kuvuliwa nguo kwa sentensi moja.

Posa ikapita. Wageni walipoondoka nilimtafuta mama mkwe nimwombe radhi, sikumwona jikoni, sikumwona chumbani, nikamkuta nyuma ya nyumba kwenye karo la kufulia, ameinama, anatapika. Rukia alikuwa amemshika mgongo.

“Mama ana nini?” nikauliza.

Rukia akanigeukia. “Wifi, mama hali mayai. Tangu nimezaliwa sijamwona akila yai, hata harufu yake haiwezi.”

Mama mkwe akasukutua, akajifuta kwa ncha ya khanga, akanitazama.

“Maharage unayachemsha hapa mpaka unachoka, hujajiuliza kwa nini?” akasema. “Huku ni juu, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Yai lianze kwenye maji ya baridi, likichemka uliache lichemke kuliko ulivyozoea, ukiepua uliloweke kwenye maji ya bomba ndiyo utalimenya vizuri. Na upasue moja. Hata kama ni la mgeni, upasue.”

“Ndiyo, mama. Nisamehe, mama.”

“Nenda kakoshe sinia,” akasema, akainama kwenye karo kutapika tena.

Nimeshachemsha mayai mengi sana tangu siku ile na kila mara napasua moja. Kujisifu mbele ya sufuria ambayo sijaifunua, hilo nimeapa sitalirudia. Na lile yai ninalolipasua nalila mwenyewe nimesimama pale pale jikoni, mlango nimeufunga, ili harufu isimfikie mama.