Mbwa Bubu Harudi Kwetu

Mama alikubali mbwa aingie kwetu kwa sharti moja: abweke. "Mbwa bubu sitaki tena," akasema. "Akinyamaza, mutamurudisha Kalima kwenye alitoka."

Kaka yangu wa Kalima ndiye aliyetuahidi mtoto wa mbwa. Nilimtaka sana, maana mimi nashinda sokoni na mama anabaki uani peke yake na kuku wake. Wezi wa siku hizi hawana haya, wanamwamkia kwanza, "Jambo, mama," ndipo wanabeba kuku.

Basi tukaanza kuandaa nyumba, na mama akajifanya mkubwa wa kazi. Bidoni ya mafuta ya mawese ipandishwe juu! Samaki wa ndagala wahame! Mkeka wake wa sala, ambao haufai kuguswa na mate ya mbwa, nikautundika darini. Adhana ikalia, nikaushusha. Akamaliza kusali, nikaupandisha tena.

"Mama, anakuja mbwa ao guverneri?"

"Guverneri hakojoi mu nyumba," akajibu.

Sharti lake lilitoka vitani. Tulipokimbilia porini, alikataa kumwacha mbwa wetu. Ili asibweke wenye bunduki wakatusikia, alimfunga mdomo kwa kitambaa, akambeba mgongoni ndani ya kikwembe chake cha kitenge kama mtoto mchanga, kichwa kimefunikwa. Wanawake tuliokutana nao njiani wakampongeza.

"Aksanti Mungu! Mutoto anafanana nani?"

"Baba yake," akasema mama. Baba, sufuria kichwani, alinuna mpaka tulipofika.

Hiyo tunaicheka mpaka leo. Lakini tuliporudi mjini, yule mbwa hakubweka tena. Mtu akipita, alimtazama mama kwanza, kisha akalala chini. Alikufa hivyo hivyo, kimya. "Njo mimi nilimuharibu," mama alikuwa akisema, na hapo hakuna aliyecheka.

Mgeni wetu akafika kwa pikipiki, ndani ya kikapu, masikio makubwa kuliko akili. Kimya. Jirani akachungulia juu ya ua: kimya. Jogoo akamdonoa pua, na yeye akamwomba radhi kwa mkia. Eh, Mungu wangu! Nilimwona tayari yuko njiani kurudi Kalima.

"Amechoka na safari, mama," nikamtetea.

Mama alikunja kikwembe, akapiga magoti, akaweka mikono yote chini kwenye vumbi, uso kwa uso na mbwa.

"Wo!" mama akabweka. "Wo! Wo!"

"Mama, iko nini?" jirani akauliza.

"Wo!" mama akamjibu.

Mtoto wa mbwa akamtazama mdomo, akainamisha kichwa, akajaribu. Kilitoka kitu chembamba, kama mlango unaohitaji mafuta. Mama alicheka huku machozi yanamtoka, akamshika yale masikio.

"Bweka, mutoto wangu," akamwambia. "Bweka na nguvu. Hatujifiche tena."