Vipande vya Mbao kwenye Pedali

Fundi wa kinga, yaani baiskeli, pale barabara ya Manika inapokutana na njia ya malori ya mgodi, alikuwa akipima mguu wa kila mtoto aliyemjia kwa shubiri, msumari mdomoni, anaongea polepole kama anayebembeleza. Kisha alikuwa akichonga vipande viwili vya mbao na kuvifunga kwenye pedali kwa mpira wa zamani, ili mwenye miguu mifupi aendeshe kinga ya baba yake mpaka masomo, kule shuleni. Lakini lori lilimgonga mtoto mmoja, akafa, na fundi alipofika aliziona mbao zake bado zimekaza kwenye pedali. Tangu siku ile hakuchonga tena.

Ndipo akaja Bilonda, binti wa mwaka wa tatu wa shule ya msingi, anasukuma kinga iliyomzidi kimo.

“Tata, uniwekee mbao. Masomo iko mbali, na mwalimu anafukuza benye kuchelewa.”

“Mbao imeisha, mama.”

“Na ile unaikalia?”

“Ile ni kiti. Ukue kwanza.”

Mtoto akaenda zake amenuna, na fundi akamshukuru Mungu kwamba huyu angalau atatembea kwa miguu. Kesho yake asubuhi akamwona anapita kwenye njia ya malori. Mguu mmoja ameupenyeza katikati ya fremu, mwili umelala upande, kinga inayumba, na nyuma yake lori linapiga honi. Fundi akasimama, tairi mkononi, akamwita kwa nguvu. Naye Bilonda, akidhani anasalimiwa, akaachia usukani mkono mmoja, akampungia, anacheka.