Magunia Chakavu ya Mzee Batholomeo

Batholomeo alikuja kibandani kwangu Kibaigwa, soko la mahindi likiwa limepoa, akaulizia magunia ya katani. Nikamtolea ya sandarusi, yale ya plastiki. Akayasukuma pembeni kama mtu aliyepewa uji wa jana.

"Mama, nimesema katani. Na yawe yamechakaa."

Tangu nianze kuuza magunia, hakuna aliyewahi kuniomba chakavu. Nikajua huyu ana shida, na mwenye shida hapunguziwi. Nyuma ya kibanda nilikuwa na mzigo wa katani ulioliwa na panya, natafuta pa kuutupa. Nikautajia bei ya mpya.

Akaketi juu ya mzani, tukabishana hadi wapagazi wakaanza kutucheka. "Mzee, toa mahari uhamie kabisa!" mmoja akapaza sauti. Kila nikishusha kidogo, yeye anaanza habari nyingine: mvua, mbuzi anayekohoa, mlenda wa marehemu mkewe. Jua linazama ndipo tukafika kwenye bei ambayo ningeikubali tangu asubuhi. Fedha hana. Atanipa mbuzi jike, nami nimpelekee mzigo, maana lori langu lilikuwa linakwenda Bahi, kwao.

"Ongeza na karatasi za chooni."

"Nani anaumwa tumbo?"

"Mfupa," akasema, wala hakucheka.

Anaishi kwenye tembe iliyojitenga, mbali na barabara. Watoto walikwenda mijini wakabaki huko. Nyuma ya zizi kuna kaburi la mkewe, na mbele ya kaburi kuna korongo. Kwenye ukingo wa korongo ulichomoza mfupa mnene kuliko paja la ng'ombe, wa rangi ya kutu. Nilipougonga ukalia kama kigae.

"Acha, mama. Hicho ni kisukuku. Mfupa uliolala ardhini hadi ukawa jiwe. Huyu ni jamaa ya tembo, ametangulia kabla ya watu."

Zamani wataalamu wa viumbe vya kale walipiga hema pale, naye akawa kibarua wao. Walipoondoka waliufukia mfupa, wakamwambia auangalie, watarudi mwakani. Mwakani ikapita, na nyingine nyingi nyuma yake. Mvua ikaufukua, ikawa inaula ukingo. Masika haya, alisema, mfupa utaanguka na kusagika, na hakuna atakayejua tena ulikuwa wa nani.

"Si uung'oe tu uweke ndani?"

"Nikiung'oa hivi hivi nitaingiza kokoto." Akanieleza walivyokuwa wakifanya: karatasi iliyoloweshwa kwanza, ili plasta isigande kwenye mfupa, kisha vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta. Katani iliyochakaa hulainika ikashika; kwenye sandarusi plasta huteleza.

"Na hiyo plasta iko wapi?"

Akanionyesha ndoo ya chokaa.

Nilicheka hadi mbuzi wakashtuka. "Mzee, hiyo itapakaa, haitashika!" Nimejenga nyumba Miyuji, kule mjini, najua jipsamu, ule unga mweupe wa dari. Nikamwambia nitamletea, kwa mbuzi wa pili. Akabisha hadi tukala chakula cha mchana.

Mjini nikaenda kwa Fakhruddin, muuza vifaa vya ujenzi. Akauliza nyumba gani hiyo ninayoipamba Bahi. Nilipomweleza, akasema wapo wataalamu wanaonunua kwake jipsamu kwa kazi hiyo hiyo. Akawapigia simu. Wakasema watakuja mvua zikikatika.

Mvua hazikungoja. Nikarudi na jipsamu, tukaufunga mfupa wenyewe, nikiwa na unga hadi kwenye nyusi, yeye akiuzungumzia kama mgonjwa: "Tulia sasa, tunamalizia." Baada ya wiki chache ukingo ukaporomoka. Furushi la mfupa lilibiringika hadi chini ya korongo, likakutwa zima.

Wataalamu walikuja kiangazi. Wakakodi lori langu. Batholomeo alichinja jogoo, akacheka kwa kila walichosema. Furushi lilipokwisha kufungwa kamba, akamshika mkubwa wao mkono.

"Basi mtarudi lini?"

"Hapa tumemaliza, mzee. Umetuokolea kitu kikubwa." Wakamvisha kofia yao.

Mimi sikupata hasara. Mbuzi wamezaa, na wataalamu wale sasa hununua kwangu magunia ambayo panya wameshayala. Yeye kilichomsumbua kimekwisha; mvua inyeshe itakavyo.

Majuzi nilikwenda kununua alizeti yake. Nikamkuta ameketi ukingoni, kofia kichwani, anatazama pale ulipokuwa mfupa. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamtajia bei ya matusi, kusudi abishe.

"Sawa, mama."

Nikangoja. Nikamuuliza mbuzi anayekohoa anaendeleaje.

"Alikufa."

Nikapakia alizeti kwa bei ile ile. Saa nne asubuhi nilikuwa barabarani, lori limejaa, na ile siku niliyotenga kubishana naye sina pa kuipeleka.